Nyota Tano za Kariakoo Hazimlindi Mnunuzi wa Mbeya

Oktoba 2024 Marekani ilianza kutekeleza kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho inayokataza kutunga, kununua na kuuza maoni ya uongo ya wateja. Aprili 2025 Uingereza nayo ikaanza kutumia sheria yake ya 2024 yenye katazo kama hilo. Tangu hapo, kila mjadala wa utapeli wa mtandaoni unapozuka kwetu, hakosi mtu wa kusema dawa imepatikana: wauzaji wote wa mtandaoni wapimwe kwa nyota, moja hadi tano, zinazowekwa na wateja, kisha tutunge sheria ya kuwabana wanaozighushi. Nia ni njema, ila ugonjwa umepimwa vibaya. Nyota za uongo zipo na zinaumiza watu. Lakini hata zikifutwa zote kesho asubuhi, zikabaki zile tu zilizotolewa na wateja halisi kwa moyo mweupe, mnunuzi wa Mbeya, Njombe au Mafinga atakuwa bado hajui jambo kubwa analopaswa kulijua kabla ya kutuma hela Dar es Salaam: mzigo ukiharibika, hasara inabaki kwa nani? Nyota haijawahi kulijibu swali hilo, na kwa jinsi inavyotolewa haiwezi kulijibu.

Mfumo wenyewe una umri. eBay ilipoanza Marekani mwaka 1995 ilikuwa mnada wa watu wasiofahamiana, na mwanzilishi wake, Pierre Omidyar, alijikuta akiombwa kuamua ugomvi wa wanunuzi na wauzaji. Mwaka 1996 akafungua ukurasa ambapo kila upande ungeandika maoni juu ya mwenzake: mazuri, ya kati au mabaya. Hesabu yake ilikuwa ya busara, maana mtu ambaye sifa yake inakaa hadharani ataogopa kuichafua. Na kweli watu waliuziana vitu bila kuonana, jambo ambalo wachumi walikuwa na sababu ya kulitilia shaka tangu George Akerlof aeleze, mwaka 1970, jinsi soko la magari yaliyotumika linavyoweza kuharibika pale muuzaji anapojua asichokijua mnunuzi. Dosari nayo ilionekana mapema. Watafiti Paul Resnick na Richard Zeckhauser walichunguza miamala ya eBay ya mwaka 1999 wakakuta zaidi ya asilimia 99 ya maoni ya wanunuzi ni mazuri, huku takriban nusu ya wanunuzi hawakuandika kitu. Sijui soko lolote, liwe la Mwanjelwa au la New York, ambalo watu 99 katika 100 wanarudi nyumbani wameridhika. Walioudhika walikuwepo, ila wengi wao hawakusema.

Sababu mojawapo ni kwamba muuzaji naye alikuwa na kalamu. Ukimwandikia vibaya, anakuandikia vibaya, na kesho ukitaka kununua kwingine unaonekana mkorofi. eBay ililiona hilo hata mwaka 2008 ikawanyima wauzaji ruhusa ya kuwaandikia wanunuzi maoni mabaya. Airbnb, ambako mwenye nyumba na mgeni hupimana, mwaka 2014 ikaamua maoni ya mmoja yasionekane mpaka mwenzake naye ameandika au siku 14 zimepita. Ni viraka vilivyoshonwa na wenye mifumo wenyewe, na vinakiri jambo ambalo mashabiki wa nyota hapa kwetu hawaligusi: maoni ya mtu aliye mkweli kabisa yanapindishwa na hofu, haya na hesabu ya faida yake.

Kwetu muuzaji wala hahitaji kalamu, kwa kuwa namba ya simu ya mteja anayo. Jirani yangu pale Uyole aliletewa blenda yenye jagi lililopasuka. Alipoandika malalamiko chini ya picha ya ile bidhaa, muuzaji alimpigia haraka kuliko alivyowahi kumpigia wakati wa kuuza, akamrudishia nusu ya hela kwa sharti afute. Akafuta. Mimi ningekuwa yeye ningefuta pia, maana nusu mkononi ni bora kuliko haki ya kusemea hewani. Tazama lakini kilichobaki hadharani: muuzaji asiye na doa. Wengine hawapewi hata hiyo nusu, wanapewa kitisho. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamlenga anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo na kwa nia mbaya, kwa hiyo mteja anayesema kweli hakimhusu. Ila mama anayeuza vitenge Mafiati hana wakili wa kumweleza tofauti hiyo saa ambayo mtu mwenye sauti nzito anamwambia kwenye simu kwamba kumwita mfanyabiashara tapeli ni kesi.

Upande wa pili wa ukimya ni ukarimu wa kulazimishwa. Siku hizi ukilala nyumba ya wageni Iringa mjini ukielekea Ruaha, au ukinunua simu Kabwe, huondoki bila kuombwa: "Bosi, niwekee tano." Anayeomba ni kijana wa mapokezi ambaye anaweza kulaumiwa usipoweka, na wewe umekaa mbele yake. Utaweka ngapi? Hapo ndipo nyota inapogeuka lumbesa, lile gunia linalojazwa kupita kipimo. Sisi wa huku kwenye viazi tunaijua lumbesa vizuri. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100, lakini gunia likishazoeleka kuwa na kichwa, mkulima anayefungasha kihalali ndiye anayeonekana mwizi. Vivyo hivyo nyota tano zikishakuwa ndiyo kawaida, nne inasomeka kama tusi, na mteja mwenye haki anayetaka kusema "huduma nzuri, maji ya moto yalichelewa" hana mahali pa kulisemea hilo bila kumuumiza mtu. Kipimo kinabaki na sehemu mbili tu, tano na moja. Alama ya wastani inayotoka humo haielezi kiwango cha huduma. Inaeleza tu waliokasirika kupita kiasi ni wangapi.

Haya yote ningeyavumilia kama nyota ingetolewa wakati mteja ameshaijua bidhaa. Haitolewi wakati huo. Ujumbe wa kuomba maoni unakuja siku ya kupokea au kesho yake, furaha ya kufungua mzigo ikiwa bado mbichi. Kwa kava la simu hakuna tatizo. Lakini angalia bidhaa ambazo mikoa yetu inauza. Parachichi la Hass la Rungwe au Njombe huchumwa likiwa gumu na kuiva baada ya kuchumwa. Likichumwa kabla halijakomaa, siku linapofika Dar linafanana kabisa na lililokomaa. Baadaye ndipo linasinyaa na kuwa kama mpira badala ya kulainika. Ndiyo maana wanunuzi wa kuuza nje hupima mada kavu ya tunda, yaani kinachobaki maji yakiondolewa, kabla ya kuvuna, hawategemei macho. Mteja aliyeweka nyota tano jioni ya kupokea boksi amepima rangi na ukubwa basi. Mchele wa Kyela una shida nyingine: sifa yake ni harufu na ladha, na mtu ambaye hajawahi kuula ulio halisi hawezi kujua kwamba aliouziwa umechanganywa. Atakula, atashiba, atasifia. Nyota yake ni ya kweli kabisa na haina thamani yoyote kwa anayetaka kujua kama mchele ule ni wa Kyela. Mbao za Mafinga ndizo mbaya zaidi. Mbao mbichi hupinda ikishakuwa juu ya paa, na ile iliyopakwa rangi ya dawa bila dawa kuingia ndani itajulikana siku mchwa wakifika, pengine baada ya miaka. Fundi aliyeshusha mzigo Kibaha ameshaweka nyota zake zamani na kusahau hata jina la muuzaji.

Kisha kuna umbali, na hapa ndipo hoja yangu ilipo hasa. Muuzaji wa Kariakoo anayeandika "mikoani tunatuma" anafanya biashara mbili tofauti chini ya jina moja. Mteja wa Sinza anaenda dukani, anawasha simu, anaikagua, anaondoka nayo. Au boda anamletea mlangoni na analipa akishaona. Mteja wa Mbeya analipa kwanza, pamoja na ya kutolea, halafu anasubiri basi lipite zaidi ya kilomita 800, anaenda ofisi ya mizigo, anasaini daftari, anafika nyumbani ndipo anafungua. Akikuta viatu ni namba 39 badala ya 42, kurudisha ni nauli ya mzigo kwenda na nyingine kuja, na kwa viatu vya shilingi 25,000 hesabu hiyo haina maana, anatafuta mtoto wa jirani wa kumpa. Muuzaji analijua hilo. Sisemi wote wanalitumia, ila asiye mwaminifu ana sababu zote za kumtendea vizuri mteja anayeweza kurudi dukani na kumtupia bidhaa iliyochakaa mteja ambaye hawezi kurudi. Sasa changanya maoni ya wateja hawa wawili, gawanya, upate 4.8. Ikiwa wengi walioandika wako Dar, ile 4.8 ni habari za Dar. Hakuna aliyedanganya na hakuna aliyeghushi, lakini mnunuzi wa Tukuyu anayeitegemea anasoma ripoti ya hali ya hewa ya mji mwingine.

Umbali huohuo unamwonea na muuzaji wetu. Lori likikwama Kitonga, nyanya za Ilula zikafika zimepondeka, anayepewa nyota moja ni aliyezifungasha. Hakuna kisanduku cha kusema kosa lilikuwa la barabara, la wakala wa mizigo au la basi lililoweka boksi chini ya gunia la viazi. Mfumo unaotaka jina moja la kulaumu utalipata jina la aliye rahisi kulaumiwa.

Sasa tuwasikilize wanaozitetea nyota, maana hoja zao hazina uzito sawa. Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayotajwa sana: kwamba wingi wa maoni unasafisha makosa, watu elfu hawawezi kukosea pamoja. Wanaweza. Wingi unafuta makosa ya bahati nasibu, yale ambayo mmoja amezidisha na mwingine amepunguza. Haufuti makosa yanayoelekea upande mmoja. Walioumia wakinyamaza, waliobembelezwa wakiweka tano, na wote wakiandika kabla mbao haijapinda, basi maoni elfu ni kosa lilelile limerudiwa mara elfu, na wingi wake unalipatia kosa hilo heshima lisiyostahili. Afadhali maoni kumi yenye maelezo kutoka kwa watu waliotumiwa mzigo mikoani kuliko elfu kumi ya wapita njia wa Msimbazi.

Hoja yenye nguvu ni nyingine, nayo inanisumbua. Inasema: bila nyota, kijana wa Tukuyu anayeuza asali au mama wa Iringa anayesuka vikapu vya milulu atajulikanaje? Tukiziondoa tunawarudisha mikononi mwa madalali na majina makubwa. Ni kweli nyota zimewafungulia mlango wengi wasio na mjomba Kariakoo, na mimi sitaki zifutwe. Lakini angalia jinsi hesabu yenyewe inavyomtendea mdogo. Mwenye maoni manne, matatu ya nyota tano na moja la nyota moja, ana wastani wa 4.0, na mteja anampita. Mwenye maoni 501, moja tu likiwa la nyota moja, ana 4.99. Kosa ni lile lile, pengine basi ni lile lile, lakini mmoja amefungwa duka na mwingine hajatikisika. Ndiyo maana mdogo ndiye anayelazimika zaidi kuomba, kubembeleza, kurudisha hela kwa sharti la kufuta, na mwishowe kumwomba shemeji aandike. Tukileta sheria ya kukamata maoni ya uongo bila kugusa hesabu hii, tutamkamata shemeji wa Tukuyu. Mwenye maoni 501 hana haja ya shemeji.

Na mwenye jukwaa la mtandaoni wanakouzia je? Yeye analipwa muuzaji anapouza au anapotangaza. Nyota nyingi zinamfanya mteja abonyeze, na duka lililojaa 4.8 linapendeza kuliko lililojaa 3.1. Simtuhumu kwa njama, nasema tu hana haraka ya kurekebisha kipimo kinachompendelea, na Dar au California hilo ni lile lile.

China inafaa kutazamwa kuliko Marekani. Soko la mtandaoni la Taobao lilianzishwa mwaka 2003 katika nchi ambayo mnunuzi na muuzaji wa mtandaoni hawakuwa na sababu ya kuaminiana. Lilikuwa na maoni ya wateja, ndiyo, na wauzaji waliyaghushi kwa bidii: walijinunulia bidhaa wenyewe, wakatuma vifurushi vitupu, wakajipigia makofi. Soko halikufa. Nionavyo mimi, kilicholibeba ni Alipay, huduma ya malipo iliyoanza kazi 2004 kwa kanuni isiyohitaji kumwamini mtu: mnunuzi analipa, hela inashikwa na mtu wa kati, muuzaji anaipata mnunuzi akishathibitisha kwamba amepokea. Chini ya mpango huo nyota inabaki pambo la kusaidia kuchagua, maana hela ya mteja haijafika kwa muuzaji. Sisi tulipata M-Pesa mwaka 2008, na leo mitandao ya simu inahamisha hela hadi kijiji cha Makete kwa sekunde. Lakini tumejenga njia ya kwenda upande mmoja. Hela ikishatumwa imekwenda, na kuirudisha kunategemea mpokeaji awe hajaitoa.

Kwa hiyo nguvu ya wabunge na wasimamizi ingeanzia hapo. Kampuni za simu na benki zinasimamiwa na Benki Kuu chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015, nazo zinaweza kutakiwa kutoa malipo yanayoshikwa mpaka mzigo ufunguliwe. Ofisi za mizigo za mabasi, ambazo ndizo posta halisi ya Nyanda za Juu Kusini, zingekuwa mahali pa kufungulia: mteja anafungua mbele ya karani, wanaangalia pamoja, kasoro inaandikwa palepale, na inajulikana kama boksi lilipondeka njiani au lilitoka hivyo Dar. Tume ya Ushindani ina sheria ya 2003 inayokataza kumpotosha mlaji. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 nayo inamtaka muuzaji wa mtandaoni ajitambulishe na kueleza anachouza. Kinachokosekana ni takwimu ambayo mteja angeiona kabla ya kulipa: huyu muuzaji ametuma mizigo mingapi mikoani, malalamiko mangapi yameletwa, mangapi yamekwisha kwa kurudisha hela, na kwa siku ngapi. Mbegu ya jambo hili tunayo. Mtu akipata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" anaweza kuuripoti kwa namba 15040. Kama tunaweza kukusanya ripoti za matapeli wa ujumbe, tunaweza kukusanya za wauzaji wasiorudisha hela, na malalamiko yakaandikwa kwa mtu wa kati badala ya kubandikwa chini ya picha ambako muuzaji anaweza kupiga simu na kuyanunua.

Gharama ipo. Muuzaji mdogo anazungusha mtaji uleule. Hela yake ikishikwa siku tatu, ni siku tatu hanunui mzigo mwingine. Kwa nyanya na parachichi muda wa kushika lazima uwe mfupi, pengine saa chache baada ya kufungua, la sivyo mnunuzi naye atajifunza ujanja wa kula nusu boksi na kudai limeoza. Tuwe wakweli, wapo wateja matapeli pia, na nyota hazijawahi kuwagusa.

Hata hivyo kushika hela hakusaidii kitu kwa mbao, wala kwa mchele wa Kyela, wala kwa chochote ambacho ubora wake unafichuka baada ya hela kutoka. Huko mkulima wa kahawa wa Mbozi au Mbinga ametutangulia. Anajua kuwa daraja la AA linasema ukubwa wa punje tu, na kwamba kikombe hupimwa kando na waonjaji ambao ni kazi yao, kabla kahawa haijaingia mnadani. Hakuna anayesubiri mnywaji wa Hamburg aweke nyota. Mbao za Mafinga zingehitaji mtu wa namna hiyo: mkaguzi asiyelipwa na mwenye kiwanda, mwenye kipimo cha unyevu na ruhusa ya kukata kipande aone dawa imeingia kiasi gani, na muhuri unaogongwa kabla lori halijapakia. Atalipwa na nani, hilo ndilo wenye viwanda na wanunuzi wa Dar wakae wagombanie.